Falsafa Jirani na Karakana

Usiku wa tarehe 10 Novemba 2015, wagombea urais wa chama cha Republican nchini Marekani walikutana jukwaani mjini Milwaukee kwa mdahalo wa televisheni. Zamu ilipomfikia Seneta Marco Rubio wa Florida, alilalamika kwamba nchi imeyapa kisogo mafunzo ya ufundi. Fundi wa kuchomelea vyuma, alisema, anapata pesa nyingi kuliko mwanafalsafa. Marekani inahitaji mafundi zaidi, na wanafalsafa wapungue. Ukumbi ukapiga makofi. Haikuchukua muda waandishi wa habari wakapekua takwimu za mishahara na kukuta seneta amekosea: kwa wastani, waliosomea falsafa na wanaoifundisha vyuoni walikuwa wakilipwa zaidi ya mafundi hao.

Mabishano yakaishia kwenye mishahara, na jambo lenye utamu zaidi likapita bila kuguswa. Rubio mwenyewe, kabla ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1993, alipitia Santa Fe Community College mjini Gainesville. Hicho ni chuo cha jamii, na chuo cha jamii ndipo mahali ambapo anayejifunza kuchomelea na anayejifunza falsafa huegesha magari yao kwenye uwanja mmoja. Pengine si watu wawili hata. Ni mtu yule yule, asubuhi yuko karakana, jioni amefungua kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale.

Mwaka 2018 seneta aliandika hadharani kwamba aliwahi kuikejeli falsafa, kisha akahimizwa aisome, akaanza na Wastoa, wanafalsafa wa kale, na amejifunza mengi. Nchi, akasema sasa, inahitaji wote wawili. Ni haki kumsifu mwanasiasa anayebadili kauli mchana kweupe, hata kama alichokigundua ni kitu ambacho ratiba ya masomo ya chuo alichopitia ingeweza kumwonyesha tangu ujana wake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, chuo cha jamii kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hakifanani moja kwa moja na chuo cha ufundi stadi wala na chuo kikuu. Kinakusanya kazi za vyote viwili. Cha kwanza cha umma kilianza mwaka 1901 mjini Joliet, jimbo la Illinois, kwa wanafunzi sita tu. William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, na J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari ya mji huo, walikubaliana kwamba vijana wanaweza kusoma miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu bila kuondoka nyumbani. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima. Leo viko takriban elfu moja, na California peke yake ina 116.

Mlango wake uko wazi. Kwa kawaida hakuna mtihani wa kumwengua mtu. Aliyemaliza sekondari, au aliyepata cheti kinacholingana nayo, anaandikishwa. Ada ndiyo kivutio kikubwa. Katika mwaka wa masomo wa 2024/25, mkazi wa eneo husika alilipa wastani wa dola 4,050, ilhali chuo kikuu cha umma cha jimbo lake kingemtoza dola 11,610. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo hairejeshwi kama mkopo, ilifikia dola 7,395 mwaka huo, kwa hiyo mwanafunzi wa familia maskini angeweza kulipa ada yote na kubakiwa na nauli na pesa ya vitabu. Mgeni anayeingia kwa visa ya mwanafunzi hutozwa mara kadhaa ya kiwango cha mkazi, jambo ambalo mawakala wa vyuo huko Nairobi na Dar es Salaam hawana haraka ya kulitaja.

Sasa, falsafa imeingiaje humo?

Imeingia kwa mlango wa masharti. Cheti cha miaka miwili, ambacho kwa kiasi fulani kinakaribiana na stashahada yetu, huhitaji krediti 60 hivi. Sehemu yake lazima itokane na masomo ya jumla: uandishi, hesabu, sayansi, jamii, na ubinadamu. Katika fungu hilo la mwisho falsafa inasimama pamoja na fasihi, historia ya sanaa na dini za dunia, na mwanafunzi huchagua. Wengi huichagua kwa sababu ambazo zingemhuzunisha Plato. Kipindi kinaangukia Jumanne jioni baada ya kazi. Krediti zake zinapokelewa na chuo kikuu wanachotaka kuhamia. Rafiki amesema mwalimu hana makuu.

Kwa hiyo darasa la Utangulizi wa Falsafa katika chuo cha jamii halijai watu waliokuja kuwa wanafalsafa. Limejaa wauguzi watarajiwa, watunza hesabu, mafundi wa viyoyozi, wanaotaka kuwa polisi, akina mama walioacha shule wakarudi baada ya watoto kukua. Wastani wa umri wa wanafunzi wa vyuo hivi ni kama miaka 27, na zaidi ya nusu husoma huku wakifanya kazi. Takriban mmoja kati ya watano, kwa upande mwingine, bado ni mwanafunzi wa sekondari anayechukua masomo ya chuo mapema. Mtoto wa miaka kumi na saba na babu aliyestaafu jeshini wanaweza kujikuta kwenye benchi moja wakibishana kama roho ipo.

Kozi zenyewe si nyingi. Kuna Utangulizi, kuna Maadili, kuna Mantiki, kuna Fikra Tunduizi, na chuo kikiwa kikubwa kuna Falsafa ya Dini na Falsafa ya Siasa. California, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2010, imeandaa pia cheti maalumu cha uhamisho kinachomwezesha mwanafunzi aliyesoma falsafa miaka miwili kuingia mwaka wa tatu wa vyuo vikuu vya mfumo wa jimbo bila kuanza upya. Mchekeshaji maarufu Steve Martin alipita njia inayofanana na hiyo zamani kidogo: alianzia Santa Ana College, kisha akasomea falsafa chuo cha jimbo kule Long Beach kabla ya kuamua kwamba riziki yake iko jukwaani.

Somo la mantiki ndilo huwashtua wengi, maana linagusa makosa wanayoyafanya kila siku bila kujua yana jina. Chukua mfano ambao mtu wa Tabora au Kisumu ataufahamu haraka. Mgonjwa akiwa na malaria, hupata homa. Huyu ana homa. Kwa hiyo ana malaria. Kauli mbili za mwanzo zinaweza kuwa kweli kabisa, na hitimisho likawa uongo, kwa sababu homa ina milango mingi: nimonia, taifodi, mafua makali. Kosa haliko kwenye kauli yoyote moja, liko kwenye jinsi zilivyounganishwa. Geuza mpangilio, useme mgonjwa hana homa wala hajapata homa siku zote hizi, kwa hiyo, kama kauli ya kwanza ni kweli, hana malaria, hoja imesimama. Mwanafunzi wa uuguzi anayeliona umbo hilo mara ya kwanza ubaoni hataliona tena kama mchezo wa herufi. Kuna watu wametibiwa ugonjwa wasiokuwa nao kwa sababu ya hoja ya aina ya kwanza.

Darasa la maadili lina uzito wa namna nyingine. Wanaosomea uuguzi hukutana na kanuni nne zilizowekwa na Tom Beauchamp na James Childress katika kitabu chao cha mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Zikiandikwa hivyo zinaonekana za kawaida mno, hata mtu akajiuliza kwa nini zilihitaji kitabu. Kisha mwalimu analeta kisa cha Tuskegee. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika jimbo la Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unavyokwenda usipotibiwa. Hawakuambiwa wanaumwa nini. Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940, hawakupewa. Waliohusika walikuwa madaktari na wauguzi wenye vyeti halali, baadhi yao weusi, na wengi waliamini wanafanya kazi nzuri. Hapo kanuni nne zinaacha kuwa za kawaida, na mjadala hauishi kwa dakika zilizopangwa.

Wanafunzi wa aina hii wana tabia moja inayowasumbua walimu wanaotoka moja kwa moja chuo kikuu: hawakubali mfano kirahisi. Kuna kisa mashuhuri kilichoanzia kwa Mwingereza Philippa Foot mwaka 1967. Tramu iliyoshindikana kusimama inawaendea watu watano relini. Dereva anaweza kuigeuzia njia nyingine ambako itamuua mtu mmoja. Aigeuze? Kijana wa chuo kikuu huanza mara moja kupima watano dhidi ya mmoja. Mtu aliyefanya kazi karakana miaka kumi huenda akataka kujua kwanza nani alisaini karatasi ya ukaguzi wa breki. Mwalimu mvivu atasema hilo silo swali. Kwa maoni ya mwandishi huyu ni swali zuri kuliko lile la kwanza, kwa kuwa linahamisha lawama kutoka sekunde moja ya dereva hadi miezi ya uzembe wa ofisi, na kuna falsafa nzima ya uwajibikaji ndani yake.

Anayeona ajabu kwamba watu wa zamu za usiku wasome falsafa amkumbuke Cleanthes. Alikuwa bondia kutoka Assos, mji ulioko Uturuki ya leo, aliyefika Athens karne ya tatu kabla ya Kristo akiwa na drakma nne mfukoni, kwa mujibu wa Diogenes Laertius aliyeandika maisha ya wanafalsafa wa Ugiriki. Mchana alimsikiliza Zeno, mwanzilishi wa shule ya Wastoa. Usiku aliteka maji na kumwagilia bustani za watu kwa malipo. Hakuwa na pesa ya kununua mafunjo, basi akaandika alichosikia kwenye vigae na mifupa ya mabega ya ng'ombe. Watu wa mji walipoona mtu mwenye afya namna ile anashinda kwenye mafundisho bila kazi inayoonekana, walimpeleka mahakamani aeleze anakula nini, ikabidi mwenye bustani aje kumtolea ushahidi, pamoja na mwanamke muuza unga ambaye Cleanthes alikuwa akimfanyia kazi ya kusaga. Zeno alipofariki, Cleanthes ndiye aliyeiongoza shule. Wastoa ambao Seneta Rubio alikuja kuwasoma ukubwani walirithiwa kupitia kwa mchota maji.

Karibu na vyuo vya jamii, ingawa nje ya mfumo wake, kuna jaribio lililoipima kwa watu maskini zaidi imani hii kwamba falsafa ni ya kila mtu. Mwandishi Earl Shorris alikuwa akikusanya habari za kitabu juu ya umaskini wa Marekani alipomuuliza mfungwa mmoja wa kike katika gereza la Bedford Hills, New York, kwa nini watu ni maskini. Alitegemea kusikia habari za kazi au ubaguzi. Mwanamke yule akamwambia watoto wapelekwe kwenye michezo ya kuigiza, makumbusho, matamasha na mihadhara. Mwaka 1995 Shorris akafungua darasa katika kituo cha huduma za familia kilichopewa jina la Roberto Clemente, mtaa wa Lower East Side jijini New York. Walioandikishwa walikuwa watu wa kipato cha chini kabisa, wengine wamewahi kufungwa au kukosa makazi. Walifundishwa falsafa ya maadili, fasihi, historia ya sanaa, historia ya Marekani na mantiki. Bila malipo, na nauli wakapewa.

Shorris anasimulia kwamba mwanafunzi wake mmoja alimpigia simu nyumbani, amejaa hasira. Mfanyakazi mwenzake, mwanamke, alikuwa amemchokoza kazini hadi akatamani kumbamiza ukutani. Hakuwa na mtu wa kumshauri saa ile, ndipo akajiuliza mwanafalsafa Socrates, waliyemsoma darasani, angefanya nini. Mkono haukuinuka. Kozi hiyo ilienea miji mingi, na ilitunukiwa Nishani ya Taifa ya Ubinadamu ya mwaka 2014, Shorris akiwa amekwisha kufariki.

Kisa kimoja hakithibitishi kitu, na mwalimu yeyote wa mantiki angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Ushahidi mpana upo kiasi. Wahitimu wa shahada ya kwanza ya falsafa kwa miaka mingi wamekuwa juu kabisa katika sehemu za lugha na uandishi wa hoja za GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili. Pingamizi la kawaida ni kwamba wenye vichwa vizuri ndio huichagua falsafa, si falsafa inayowanoa. Mwaka 2025 watafiti Michael Prinzing na Michael Vazquez walitoa uchambuzi wa taarifa za wanafunzi zaidi ya 600,000 wa vyuo vya Marekani, wakilinganisha na uwezo waliokuwa nao walipoingia, na kukuta kwamba falsafa yenyewe inachangia. Ila hao ni wanafunzi waliobobea katika somo hilo chuo kikuu. Aliyechukua kozi moja ya wiki kumi na sita, Jumanne jioni, huku anapigana na usingizi, hawezi kuazima matokeo yao.

Na njia ya kufika huko ni nyembamba kuliko matangazo yanavyosema. Kati ya wanaoanza chuo cha jamii, takriban asilimia 80 husema wanataka hatimaye kupata shahada ya kwanza. Wanaohamia ni kama theluthi moja. Waliopata shahada ndani ya miaka sita, kwa ripoti ya mwaka 2024, walikuwa asilimia 16.

Takwimu kama hizo ndizo zilizozaa mageuzi yanayoibana falsafa. Mwaka 2015 Thomas Bailey, Shanna Smith Jaggars na Davis Jenkins walichapisha kitabu kinachosema vyuo vya jamii vimekuwa kama mkahawa wa kujipakulia: vyakula vingi, maelekezo hakuna, mteja anaondoka na sahani isiyoshibisha. Dawa yao ni kumwekea mwanafunzi njia iliyonyooka, masomo yaliyopangwa tangu siku ya kwanza. Hoja yao ina nguvu, kwani mtu anayelipia kwa mshahara wa saa hapaswi kupoteza muhula kwa kozi isiyopokelewa anakokwenda. Lakini njia ikishanyooshwa, kinachokatwa kwanza ni somo la hiari. Muuguzi akiwekewa kozi moja tu ya ubinadamu, na kozi hiyo ikachaguliwa na kamati, darasa la falsafa linaweza kukosa wanafunzi wa kulifungua bila mtu yeyote kuamua kulifunga.

Wanaofundisha nao wako kwenye kamba nyembamba. Takriban theluthi mbili ya walimu wa vyuo hivi ni wa muda, wanaolipwa kwa kozi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 na muungano wa vyama vya wanataaluma ulikuta malipo ya kati katika vyuo vya miaka miwili ni dola 2,235 kwa kozi nzima. Ndiyo maana mtu mwenye shahada ya uzamivu juu ya mwanafalsafa Kant anafundisha vyuo vitatu katika miji mitatu, ofisi yake ikiwa buti la gari. Huko California wanaitwa warukaji wa barabara kuu.

Mwaka 2016 udhaifu wa ajira hiyo ulijitokeza hadharani. Katika Community College of Aurora, jimbo la Colorado, mwalimu wa muda wa falsafa aliachishwa kazi katikati ya muhula. Alikuwa akiandaa malalamiko kwa wakala wa ithibati kwamba mpango mpya wa kuinua idadi ya wanaofaulu ulikuwa umeshusha kiwango cha kozi ya utangulizi. Chuo kilisema tatizo lilikuwa ufundishaji wake. Chama cha maprofesa cha Marekani kilichunguza, na mwaka 2017 kikakiweka chuo hicho kwenye orodha yake ya vilivyokemewa kwa kukiuka uhuru wa kitaaluma. Nyuma ya ugomvi huo kuna swali gumu kwelikweli: mwanafunzi ambaye hajawahi kusoma kitabu kizima apewe maandishi ya mwanafalsafa Descartes mwenyewe, au kurasa mbili za muhtasari? Kumpa muhtasari ni kumdharau. Kumtupia Descartes bila msaada ni kumfukuza kwa adabu. Walimu wazuri huchukua ukurasa mmoja wa asili na kuukalia jioni nzima, sentensi kwa sentensi, njia ambayo haipendezi kwenye mpango wa masomo lakini inafanya kazi. Austin Community College ya Texas imeenda mbali zaidi, ikawa na semina ya wanaoanza inayosomesha maandiko ya kale yenyewe kwa majadiliano.

Waafrika Mashariki wanaohamia Marekani wengi hupitia mlango huu huu. Mkenya anayeanza kwa kuhudumia wazee huku akilenga uuguzi, au Mkongomani aliyefika kama mkimbizi akiwa na Kiswahili na Kifaransa kabla ya Kiingereza, atakuta sharti la ubinadamu kwenye fomu yake. Akichagua falsafa, silabasi ya zamani ingempitisha kwa Socrates, Descartes, Hume na Kant tu. Hilo linabadilika taratibu. Mwaka 2022 shirika la OpenStax la Chuo Kikuu cha Rice lilitoa kitabu cha kiada cha utangulizi wa falsafa kilichoongozwa na Nathan Smith, mwalimu wa Houston Community College, na ndani yake fikra za wenyeji wa Afrika na za Asia zimewekwa karibu na mwanzo, si kwenye kiambatisho. Vitabu vya kiada huko hugharimu kwa urahisi dola mia moja na zaidi. Hiki ni cha bure, kinapakuliwa kwenye simu, na hakimuulizi mtu kama ameandikishwa chuo chochote, kwa hiyo mwalimu wa sekondari wa Kigoma anaweza kukifungua leo sawa na mwanafunzi wa Houston. Ila kimeandikwa kwa Kiingereza.